Kahawa Alipohamia Dar: Mbwa Mzee na Choo Kipya

Mbwa mzee akianza kukojoa ndani baada ya familia kuhama, watu huwa na hukumu mbili tayari mdomoni. Ya kwanza, amezeeka, hana dawa. Ya pili, anafanya makusudi kwa sababu ameichukia nyumba. Nimeishi na tatizo hili kwa mbwa wangu Kahawa, na hukumu zote mbili nazikataa kwa moyo wangu wote. Kahawa hakuwa amesahau adabu yake. Adabu ile aliijenga mahali fulani, juu ya udongo fulani, kupitia mlango fulani, na vyote hivyo tuliviacha Moshi.

Kahawa ni jike wa kienyeji, rangi ya buni iliyokaangwa, na tulipohama alikuwa ametimiza miaka 11. Kule Moshi nyuma ya nyumba palikuwa na kihamba: migomba, mibuni michache na mparachichi mkubwa. Alilala baraza la nyuma, ila usiku wa Juni na Julai, baridi ya mlimani ikishuka, tulimwingiza jikoni. Alfajiri alisimama mbele ya mlango wa jikoni bila kubweka, akafunguliwa, akashuka hadi chini ya migomba, akamaliza haja zake na kurudi. Maisha yake yote yalikwenda hivyo. Mlango ulikuwa mmoja, njia moja, na udongo mlaini wenye majani makavu ya migomba juu yake.

Dar es Salaam tulipanga nyumba Tabata, ndani ya uzio mmoja na familia nyingine. Uwanja wote, kutoka getini hadi ukuta wa nyuma, umetandikwa pevingi. Ndani ni marumaru zinazong'aa chumba hadi chumba. Baraza ni la wote, kwa hiyo Kahawa alilala kwenye korido. Usiku ule wa kwanza tukakuta amekojoa kwenye kitambaa cha kufutia miguu mlangoni. Baadaye ikawa zulia la sebuleni, kisha kapu la nguo chafu. Nje nilimtembeza uwanjani akanusa, akazunguka, akasimama ananitazama, hakufanya kitu. Tukirudi ndani, dakika chache tu, zulia limelowa.

Kabla sijaanza kumfundisha lolote nilimwita daktari wa mifugo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mbwa wengi wazee wanapodhulumiwa. Mbwa kijana akikojoa ndani, mara nyingi shida ni mafunzo. Kwa mbwa mzee mtu aanze na mwili, mafunzo yafuate. Kisukari humfanya mbwa anywe sana na kukojoa sana, na figo zinazochoka hufanya vivyo hivyo. Maambukizi ya njia ya mkojo humfanya ashindwe kusubiri. Homa ya kupe, ambayo sisi huku tunaijua vizuri, inaweza kuleta mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawia. Dume asiyehasiwa anaweza kuvimba tezi dume. Jike ambaye hajafungwa kizazi, akianza kunywa maji mengi na kukosa hamu ya kula majuma machache baada ya kuwa kwenye joto la uzazi, huenda kizazi kimejaa usaha, na huyo apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo, maana anaweza kufa. Kahawa alifungwa kizazi akiwa kijana, hivyo hilo la mwisho halikumhusu. Lakini majike waliofungwa kizazi nao wana lao: wakizeeka, misuli ya kuzuia mkojo hulegea na mkojo ukawatoka wakiwa usingizini bila wao kujua. Dawa zake zipo.

Daktari yule alianza na maswali, na yalikuwa maswali mazuri kuliko nilivyotegemea. Anachuchumaa, au unamtoka tu akiwa amelala? Akiamka, matandiko yamelowa? Anatoa mwingi mara moja, au matone matone? Anaomba kutoka? Anakunywa kiasi gani? Hilo la maji lilikuwa gumu, kwa sababu mbwa aliyetoka mguuni mwa Kilimanjaro akaingia kwenye joto la Dar lazima atakunywa zaidi. Daktari akaniambia nisiliachie joto lijibu kila kitu. Nipime: niweke maji kwa kikombe chenye vipimo asubuhi, na jioni nione yamebaki mangapi. Na akanionya nisimnyime maji hata kidogo kwa matumaini kwamba atakojoa kidogo. Mbwa mwenye figo dhaifu akinyimwa maji anaumia haraka sana.

Alitaka pia mkojo wa asubuhi. Nilimfuata Kahawa na sahani bapa mkononi, na alipochuchumaa pale kwenye kitambaa cha mlangoni nikaiingiza chini yake taratibu. Mkojo ukae kwenye chupa safi na ufike ukiwa bado wa muda mfupi, la sivyo uwekwe kwenye friji. Vile vijiti vya kupimia mkojo wa binadamu husaidia kuonyesha sukari, damu na protini. Sehemu yake ya kuonyesha chembe nyeupe za damu ndiyo haiaminiki kwa mbwa, kwa hiyo daktari aliweka tone chini ya hadubini. Sukari haikuwapo. Bakteria walikuwapo, na damu kidogo.

Vilevile alimshika nyonga na magoti, akazikunja taratibu. Kahawa akageuza kichwa akamtazama. Yabisi kavu, yaani viungo vilivyochakaa. Kuchuchumaa kulikuwa kunamuuma, na zile ngazi tatu za kushukia uwanjani zilikuwa zinamuuma zaidi. Akapewa antibiotiki kwa maambukizi, tukazimaliza zote hata alipoonekana amepona, na dawa ya maumivu iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Naomba hili lisomwe mara mbili: ibuprofeni na diklofenaki, zile tunazonunua duka la dawa kwa mgongo na magoti yetu, zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuua figo zake. Parasetamoli nayo si ya kumpa kwa kukisia. Uzito wake si wetu, na ini lake si letu.

Dawa zilipomaliza kazi, Kahawa hakukojoa tena kila baada ya muda mfupi. Mkojo wenyewe ukarudi kuwa wa kawaida. Lakini mahali pa kukojolea pakabaki palepale, zulia na kitambaa. Hapo nikajua kwamba mwili umeshajibu sehemu yake, na sasa imebaki sehemu ya nyumba.

Aliyenifungua macho ni jirani yetu, bibi mmoja wa Kitanga anayekaa nyumba ya mbele. Ni Mwislamu, na tangu siku tuliyoingia nilimfuata kwa heshima kumwambia tuna mbwa, kwa sababu Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafii, na kwao unyevunyevu wa mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sikutaka Kahawa awe karaha kwa mtu anayetandika mkeka wake wa kuswalia barazani. Tulikubaliana atoke akiwa na kamba, na upande wa bomba na kamba za nguo asifike kabisa. Bibi huyu hamgusi Kahawa, wala hamsogelei, lakini kutoka kwenye kiti chake cha barazani alikuwa anamtazama kuliko sisi wenye mbwa.

Asubuhi moja nikamwamkia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyo mbwa wako hajalala vizuri?"

Nikamwambia anakojoa ndani, na nje hataki.

"Hataki au hapaoni?" akaniuliza. "Mimi namwona kila siku. Anapita juu ya mawe haya anainua miguu, anafika pale ukutani kwenye kaufa kadogo kalikoota nyasi, anakakwangua, halafu unamvuta mnarudi. Anatafuta udongo huyo. Kwani kule kwenu mlikuwa na mawe haya?"

Mbwa huchagua sakafu ya choo chake akiwa mdogo, na chaguo lile hukaa mwilini. Aliyezoea nyasi hutafuta nyasi, na aliyelelewa kwenye zege hukojoa kwenye zege bila wasiwasi. Kahawa alizoea kitu laini kinachonywa mkojo chini ya miguu yake. Ndani ya uzio wetu, kitu cha namna hiyo kilikuwa zulia, kitambaa cha mlangoni na nguo kapuni. Pevingi zilikuwa ngumu, zinarusha matone miguuni, na saa sita mchana zinaunguza. Alikuwa anafuata kanuni aliyoifuata miaka yote. Kanuni ile tu ndiyo ilikuwa inamwelekeza sebuleni.

Basi tukamletea udongo. Mwenye nyumba hakutaka pevingi ziguswe, na ni haki yake. Fundi seremala wa mtaani akatutengenezea fremu ya mbao, urefu unaomtosha Kahawa kusimama, kuzunguka na kuchuchumaa bila mguu kutoka nje, na kina cha kiganja tu ili asipande. Chini tukaweka mchanga na kokoto ndogo maji yapite, juu udongo, na juu ya udongo ukoka tulionunua kwa wauza miche na maua wanaopanga bidhaa zao kando ya barabara. Tukaiweka kona ya nyuma, mbali na bomba, mbali na baraza la bibi. Ule mkojo tuliofuta kwenye zulia kwa kitambaa, kitambaa chenyewe tukakibonyeza kwenye nyasi. Pua ya mbwa inaelewa haraka tangazo la namna hiyo.

Mafunzo yenyewe si ya ajabu, yanachosha tu. Mtu mmoja anamtoa kwa kamba akiamka, baada ya kula, baada ya usingizi wa mchana na kabla ya kulala, na kati ya hapo kila baada ya saa tatu au nne, kwa sababu mbwa mzee hawezi kubana kama zamani. Mnakwenda moja kwa moja hadi kwenye nyasi kwa njia ileile, mnasimama. Hakuna mazungumzo, hakuna simu. Akichuchumaa, kwa sauti ya chini unamwambia neno lake moja, lilelile kila siku. Akimaliza, kipande cha ini la kuchemsha, palepale kwenye nyasi, kabla hajapiga hatua mbili. Ukisubiri mpaka mlangoni, utakuwa umemlipa kwa kurudi ndani. Asipokojoa, mnarudi, unakaa naye karibu huku kamba iko mkononi, na baada ya robo saa mnatoka tena. Ule muda wa robo saa ndio wa hatari, na mtu akimwachia azurure ndani hapo, kazi ya asubuhi yote imepotea.

Chakula nacho tulikipangia saa. Kahawa hula ugali laini wenye dagaa wa ziwa wasiotiwa chumvi na mboga kidogo. Akila asubuhi na jioni kwa saa zilezile, haja kubwa nayo hupata saa zake.

Kuhusu kusafisha, klorini nimeiweka mbali kabisa na kazi hii. Mkojo una amonia, na amonia ikikutana na klorini hutoa mvuke unaochoma macho na mapafu, wa kwetu na wa mbwa. Halafu harufu tunayodhani imekwisha, kwake bado ipo. Kinachofaa ni kitu kinachovunja mabaki ya mkojo wenyewe. Sisi tulitumia sabuni ya unga ya kufulia yenye vimeng'enya: kwanza kunyonya mkojo kwa kitambaa kikavu bila kusugua, kisha kumwaga maji ya sabuni hiyo na kuyaacha yakae, kisha kusuuza na kukausha. Kwenye marumaru tatizo haliko juu ya kigae, liko kwenye maungio, ile simenti nyembamba inayokunywa kila kitu. Hayo maungio tuliyasugua kwa mswaki wa zamani. Zulia la sebuleni tulilikunja tukaliweka juu ya kabati mpaka choo kipya kilipozoeleka, na kapu la nguo likapata kifuniko.

Nilichelewa kutaja sakafu, na pengine ndiyo iliyomtesa zaidi. Mbwa mwenye nyonga mbovu juu ya marumaru zinazoteleza anatembea kwa hofu. Kutoka alipolala hadi mlango wa nyuma ilikuwa safari ya kutanuka miguu na kuanguka matako. Ukiwa umebanwa na haja, na kila hatua ni hatari, utaishia katikati ya njia. Tulitandika vipande vya kapeti chakavu vyenye mpira chini, kimoja baada ya kingine, kutoka kwenye godoro lake hadi mlangoni. Mikeka nayo haifai peke yake, inateleza pamoja na mbwa. Kucha zake tulizipunguza, na kwenye ngazi tukaweka ubao mpana uliogongelewa kapeti. Mara tu njia ilipokuwa na mshiko, akaanza kuinuka mwenyewe na kwenda mlangoni. Niliona fahari machoni pake, na sitabishana na anayesema mbwa hana fahari.

Kulikuwa na jambo jingine lililonitia huzuni. Usiku alikuwa akienda kusimama mwisho wa korido, uso kwa ukuta, anasubiri. Mume wangu ndiye aliyegundua: katika nyumba ya Moshi, ukitoka alipolala ukafuata upande uleule, ungefika kwenye mlango wa jikoni. Hapa pana ukuta. Daktari alinieleza kwamba ubongo wa mbwa mzee nao huchakaa, na dalili zake ni kusimama kwenye kona kama amepotea, kugeuza usiku kuwa mchana, kwenda upande wa bawaba badala ya upande wa kitasa, kutowatambua watu wa nyumbani. Kama dalili ni hiyo moja, na nyumba ni mpya, tumpe alama za njia kwanza. Tukahamisha godoro lake karibu na mlango halisi, tukaweka taa ndogo ya sola inayowaka usiku kucha, maana umeme ukikatika korido inakuwa giza kabisa na macho yake yana ukungu. Kusimama ukutani kukapungua, kisha kukaisha.

Ndugu waliotutembelea walikuwa na ushauri wao. Shemeji yangu, mtu mwema anayewapenda wanyama, alisema dawa ni kumkandamiza pua kwenye mkojo na kumchapa ufagio mara moja, hatarudia. Nilimkatalia, na ningemkatalia hata baba yangu. Mbwa hawezi kuunganisha kipigo cha saa mbili na mkojo wa saa moja. Anachojifunza ni kwamba binadamu akitokea wakati anakojoa kuna maumivu, kwa hiyo atakojoa nyuma ya kochi ambako hakuna anayemwona, na hata nje kwenye nyasi atakataa kukojoa mbele yako. Ule uso wa kuinamisha kichwa na kubana mkia ambao watu huuita kujua kosa ni hofu ya mtu aliyekasirika. Kwa mbwa mzee mwenye maumivu ni ukatili. Nilikuwa tayari kufua mazulia mwaka mzima kuliko kumwona akiniogopa.

Masika ilipoingia mambo yalirudi nyuma. Nyasi zililowa, fremu ikajaa maji, na Kahawa akagoma kukanyaga. Tukamwekea bati juu ya nguzo nne, tukatoboa chini ya fremu maji yatoke, na kwa siku zile za mvua ratiba ikarudi kuwa ya mwanzo: kamba, kusimama, ini. Ukoka nao hauvumilii mkojo mwingi mahali pamoja, huungua na kuwa wa njano. Huwa tunamwagilia maji kila baada ya kukojoa, haja kubwa tunaizoa mara moja, na sehemu iliyokufa tunaibadilisha.

Sasa anaomba kutoka mwenyewe, kwa kukwangua kapeti mara mbili na kunitazama. Kuna usiku mkojo humtoka usingizini, na daktari ameshaanza kumpa dawa ya kukaza misuli hiyo. Godoro lake tumelivisha nailoni nzito, juu yake kanga kuukuu mbili zinazobadilishana kamba ya nguo, na asubuhi namfuta mapajani kwa maji ya uvuguvugu ili ngozi isichubuke. Sikuhesabu hilo kama kushindwa kwake.

Mkataba wa nyumba hii unakaribia kuisha na dalali ameanza kunipigia. Anataka kunionyesha nyumba zenye jiko kubwa na maegesho. Mimi namuuliza mlango wa nyuma unatokea upande gani, kuna ngazi ngapi, na kama kuna hata mita moja ya udongo isiyotandikwa pevingi. Tukipata, fremu itahama pamoja nasi na nyasi zake zikiwa na harufu yake, na itashushwa kwenye gari kabla ya makochi.